Jagwa, mamba na wanawake waliokaa: alama kwenye vyungu vya kale vya Amerika ya Kati zinasomwaje?

Kuna picha zimekuwa zikizunguka sana kwenye magrupu na TikTok, ukiziona utazijua tu: chungu cheupe chenye kichwa cha chui kimetokeza mbele, mdomo wazi, meno yote nje, au kisanamu chekundu cha udongo cha mwanamke amekaa mikono mapajani na macho yake kama yamefumba nusu, halafu chini kapsheni inasema "mungu wa uzazi wa Wamaya" au ile nyingine ya kwamba huu ni ushahidi wa viumbe kutoka sayari nyingine. Kwenye komenti hapo watu wanagawanyika, wengine wanasema ushetani mtupu, wengine wanasema historia ya kweli imefichwa. Vitu vyenyewe ni vya kweli kabisa na viko makumbusho, shida iko kwenye maelezo, na mi naona habari halisi ni tamu kuliko hizo za kutunga.

Tuanze na ramani maana hapo ndipo wengi wanapotelea. Amerika ya Kati ni kile kipande chembamba cha nchi kinachounganisha Meksiko na Kolombia, yaani Guatemala, Belize, El Salvador, Honduras, Nikaragua, Kosta Rika na Panama. Wamaya walikaa upande wa kaskazini, Guatemala na Belize na pembeni za magharibi za Honduras na El Salvador, pamoja na kusini mwa Meksiko, na wao walikuwa na maandishi yao ambayo leo yanasomeka kwa sehemu kubwa. Ukishuka kusini zaidi unakutana na watu wengine, wenye lugha zao, ambao hawakuacha maandishi. Hao jagwa na hao wanawake waliokaa, vingi vinatoka huko kusini, hasa eneo ambalo wataalam wanaliita Nicoya Kuu, pwani ya Pasifiki ya Nikaragua pamoja na kaskazini magharibi ya Kosta Rika. Kwa hiyo neno "Wamaya" kwenye ile kapsheni limeshakosea kabla hata hatujafika kwenye maana.

Na jagwa ni nani? Ni paka mkubwa wa Amerika, ana madoa kama chui wetu ila ni mnene zaidi, kichwa kikubwa, anaogelea vizuri na taya lake lina nguvu za kutisha, anaweza kuvunja gamba la kobe. Huko ndiye mkubwa wa msitu, simba hakuna.

Tunaposema vyungu vya sanamu tunamaanisha chombo chochote cha udongo kilichopewa umbo la mtu au mnyama, iwe chungu cha kinywaji, filimbi, muhuri au kisanamu cha kushika mkononi. Na alama ni kitu kinachosimama badala ya kingine kwa sababu watu fulani wamezoea kukielewa hivyo. Hicho kipande cha "watu fulani" ndicho kinachofanya kazi yote hii iwe ngumu, kwa sababu watu wenyewe hawapo tena watuambie.

Ufinyanzi huko ni wa zamani sana, vigae vya Monagrillo kule Panama vina zaidi ya miaka 4,000, na muda wote huo gurudumu la mfinyanzi halikutumika. Udongo unasokotwa kama kamba, kamba inazungushwa juu ya kamba, unasawazishwa kwa mkono, ukishakauka kidogo unapakwa uji mwepesi wa udongo wa rangi, unasuguliwa kwa jiwe laini mpaka unang'aa, ndio unachomwa. Rangi ni za udongo na mawe ya hukohuko, nyeupe ya maziwa, nyekundu, chungwa, nyeusi. Nalisema hili kwa sababu kuna watu wanadhani vitu visawa namna hii lazima vilihitaji mashine. Havikuhitaji, vilihitaji mtu aliyeanza kufinyanga akiwa mtoto.

Sasa tukae na chungu kimoja, kile cheupe cha jagwa. Wataalam wanakiita Pataky, ni aina iliyotengenezwa kama kati ya mwaka 1000 na 1350 BK. Ukikitazama kwa karibu unaona tumbo la chungu ndilo tumbo la mnyama, kwa hiyo chochote kilichomiminwa humo kilikuwa kinaingia tumboni kwa jagwa. Kichwa kimetoka mbele. Mikono yake haipo chini kama ya mnyama anayetembea, imewekwa juu ya magoti, mkao wa mtu mzima aliyekaa anasubiri watu wanyamaze aongee. Kwenye mwili wake wamechorwa jagwa wengine wadogowadogo weusi wamepangwa mstari. Miguu miwili ya mbele ya chungu, ile kinayosimamia, ni minene na ina uwazi ndani, na humo ndani kumetiwa vigolori vya udongo, ukikiinua tu kinalia, na kile ambacho kwenye picha ya simu ni chungu kimya kumbe mikononi mwa mtu kilikuwa kinanguruma.

Hapo ndio unaanza kuelewa wataalam wanaposema hiki ni kiumbe cha katikati, si mnyama kamili si mtu kamili, na kwamba huenda kinamwonyesha kiongozi au mganga anayesemekana anaweza kuchukua nguvu ya jagwa. Nimeandika "huenda" kwa makusudi. Mkao wa kibinadamu unaonekana kwa macho, vigolori vinasikika kwa masikio, lakini mawazo ya aliyekishika hatunayo.

Chukulia mfano wa nyumbani. Miaka 1,000 ijayo mtu anachimba Kariakoo anakuta jezi nyekundu ina picha ya simba, anachimba pembeni anakuta nyingine, na nyingine, na bendera, na kofia, zote simba. Anakaa chini anaandika kitabu kwamba watu wa Dar es Salaam waliabudu simba, mavazi mekundu yalikuwa ya makuhani wake. Atakuwa ameona kitu cha kweli, kwamba ile picha ilikuwa nzito kwa watu, iliwakusanya, iliwatoa machozi na hata iligawa familia, ila maana yake ameikosa kabisa, na hakuna namna angejua kwamba kabla ya 1971 timu hiyohiyo ilikuwa inaitwa Sunderland. Kumsaidia lazima umpe vitu vingine vya kulinganisha, aone jezi zimekutwa wapi, zikiwa nyingi kiasi gani, na za wapinzani wao zilikuwaje. Wanaosoma vyungu wanafanya kazi hiyohiyo.

Kwa hiyo wanaangalia nini? La kwanza kabisa ni mahali kitu kilipokutwa. Kule Panama kuna Sitio Conte, makaburi ya wakubwa wa jamii za Coclé, ambako Samuel Lothrop wa Harvard alichimba miaka ya 1930 na J. Alden Mason akaendelea 1940. Walikuta dhahabu nyingi na sahani za udongo zenye rangi zimerundikwa pamoja na maiti, na kwenye sahani hizo kuna kiumbe anajirudiarudia: mwili umesimama kama mtu, kichwa cha mamba, makucha, miiba mgongoni. Kiumbe huyohuyo yuko kwenye mabamba ya dhahabu ambayo wakubwa walivaa kifuani. Ukikuta picha moja kwenye udongo na kwenye dhahabu ya mkubwa mmoja ndani ya kaburi moja, hapo una haki ya kusema inahusiana na ukubwa, hujabahatisha.

Mwaka 1977 Olga Linares, mtafiti mzaliwa wa Panama, alitoa hoja ambayo mpaka leo inatajwa sana. Aliuliza swali la jikoni: hawa watu walikula wanyama gani, na walichora wanyama gani? Mifupa kwenye majalala inasema walikula vizuri kulungu, samaki na wengineo. Kwenye vyungu anatawala mwenye meno, mwenye sumu, mwenye makucha, mwenye gamba gumu. Akasema hizi ni jamii za machifu waliopigana wao kwa wao kila mara, na walichora zile tabia ambazo mpiganaji anazitaka awe nazo, kuuma, kuchoma, kujikinga. (Huyuhuyu Linares aliishi na kufanya utafiti miaka mingi kwa wakulima wa Kijola kule Senegal, nadhani jicho lake la kuangalia nani anakula nini halikuanzia maktaba.) Watafiti waliokuja nyuma yake wamesema mambo hayajanyooka kiasi hicho maana kulungu, kasa na ndege nao wamo kwenye vyungu, ila swali lake limebaki kuwa zuri, na mtu yeyote anayekuambia mnyama fulani alichorwa kwa sababu alikuwa chakula chao muulize mifupa inasemaje.

Huyo mamba ana stori nyingine. Mwaka 1888 mtafiti Mmarekani William Henry Holmes aliandika juu ya vyungu vya Chiriquí, mpakani mwa Panama na Kosta Rika, akapanga michoro ya mamba kwa foleni. Wa kwanza ni mamba kamili, mdomo, jicho, mkia, magamba. Anayefuata amepoteza miguu. Anayefuata amebaki mgongo uliopinda na vipembetatu vyenye nukta ndani, ambavyo ndiyo magamba. Mwisho zinabaki pembetatu na nukta peke yake zimezunguka shingo ya chungu, na mtu asiyejua anasema hayo ni mapambo tu. Holmes alidhani foleni hiyo inaonyesha jinsi mchoro ulivyochakaa kadiri miaka ilivyokwenda, jambo ambalo si lazima liwe kweli, mfinyanzi mmoja anaweza kuchora mamba mzima asubuhi na pembetatu jioni. Lakini amesaidia kuonyesha kwamba vimistari vya pembeni mwa chungu vinaweza kuwa mnyama aliyefupishwa, na aliyekuwa anakinywea alikuwa anamwona mamba palepale.

Tuje kwa wanawake, maana hapa ndipo uongo umejazana. Ule usemi wa "mungu wa uzazi" wazungu wameubandika kwenye karibu kila kisanamu cha mwanamke duniani, ukiwa uchi basi wewe ni mungu wa uzazi, kesi imefungwa. Sasa tazama vile visanamu vya Nicoya vya aina ya Rosales, vya karne za mwisho kabla ya Kristo na za mwanzo baada yake. Vimesuguliwa vikang'aa kwa wekundu, na mwili una mapambo meusi ya jiometri yaliyozungushiwa mistari ya kukwaruza, mapajani, tumboni, mabegani. Wengine wana mimba, wengi hawana. Wengi wamekaa wima, kifua mbele, na katika visanamu vya baadaye utawakuta wengine juu ya kigoda. Kwenye maeneo yale kigoda hakikuwa cha kila mtu, kiti ni jambo la wenye mamlaka, unakiona kwenye mawe ya kuchonga na kwenye udongo vilevile. Yale mapambo ya mwilini nayo hayakutoka hewani, kwenye makaburi ya Kosta Rika imekutwa mihuri ya udongo, mingine bapa mingine ya kuviringisha, ambayo inatosha kabisa kupiga rangi kwenye ngozi. Laura Wingfield, aliyefanya tasnifu nzima juu ya sanamu za Nicoya mwaka 2009, anawaona wengi wao kama waganga na viongozi wa kike wakiwa kwenye hali ya maono, ndiyo maana macho yamefumba nusu. Unaweza usikubaliane naye kila kitu, lakini mwanamke mwenye kigoda na mwili uliopambwa rasmi ni mtu mwenye cheo, na kumwita "uzazi" tu ni kumvua hicho cheo.

Ukitaka mfano mzuri zaidi panda Honduras, sehemu inaitwa Playa de los Muertos, bonde la mto Ulúa, visanamu vyake vina zaidi ya miaka 2,000. Mwanaakiolojia Rosemary Joyce amevisoma muda mrefu na akaonyesha kwamba hakuna sura moja ya mungu mmoja inayorudiwa: kuna wasichana, kuna watu wazima, kuna wazee walionyauka, na kila umri una namna yake ya nywele, mapambo na kukaa. Kwa hiyo ni kama vinazungumzia hatua za maisha ya mtu, unatoka wapi unaingia wapi, badala ya kiumbe wa mbinguni wa kupigiwa magoti. Na kule Santa Isabel, Nikaragua, karibu na ziwa, visanamu vya wanawake vimechimbwa vikiwa vimevunjika kwenye maeneo ya makazi ya watu, pamoja na takataka za kawaida. Sasa mungu gani huyo anatupwa na mifupa ya samaki?

Hapohapo Santa Isabel kuna somo lingine. Wahispania walipofika miaka ya 1520 waliambiwa kwamba Wachorotega na Wanikarao, makabila mawili ya huko, asili yao ni Meksiko, na mwaka 1528 padri Francisco de Bobadilla akawahoji wazee wa Kinikarao juu ya dini yao, wakamtajia waumbaji wawili, Tamagastad na Cipattonal, majina ambayo yanafanana na ya Meksiko ya kati. Juu ya vyungu vyeupe vya enzi ya karibu na hapo kuna nyoka mwenye manyoya, ambaye naye ni wa Meksiko. Basi watu wakafunga hesabu: Wameksiko walihamia na miungu yao. Timu ya mwanaakiolojia Geoffrey McCafferty ikaenda kuchimba ikitegemea kukuta jiko la Kimeksiko, na hasa kile kikaango bapa cha udongo cha kuchomea mikate ya mahindi, comal, ambacho Meksiko kila nyumba inacho. Hawakukikuta. Michoro ni ya Meksiko, chakula ni cha hapohapo. Inawezekana kabisa wakubwa wa pale walipenda nyoka yule kwa sababu ya biashara na sifa za mbali, bila watu wenyewe kuhama kwa wingi. Mchoro unasafiri kirahisi kuliko familia.

Na chungu kilitiwa nini? Siku hizi maabara zinasaidia. Puerto Escondido, Honduras, mabaki yaliyonyonywa na udongo wa vyungu yameonyesha kemikali ya kakao kwenye vyombo vya kabla ya mwaka 1000 KK, yaani watu walikuwa wanakunywa kakao humo zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Ukijua ndani kulikuwa na kinywaji cha sherehe, umbo la nje linaanza kusomeka vingine.

Kuhusu wageni wa anga sitapoteza muda mrefu. Macho makubwa na vichwa vya ajabu ni vinyago, kofia na mtindo wa wafinyanzi, na mitindo hiyo inabadilika pole pole kutoka karne hadi karne, unaweza kuifuata kigae kwa kigae, jambo ambalo lisingewezekana kama mtu ameshuka na chombo siku moja akaonyesha. Kuna na hii ya "hawakujua gurudumu": Cihuatán, El Salvador, vimekutwa vinyama vya udongo vyenye magurudumu, vimekaa kabisa kama magari ya kuchezea. Gurudumu walilijua, ila hapakuwa na ng'ombe wala farasi wa kuvuta mkokoteni.

Ishu kubwa inayofanya tubaki na "huenda" nyingi siyo uchawi, ni wizi. Wachimba makaburi, kule wanaitwa huaquero, wamekuwa wakifukua kwa miaka mia na zaidi, na chungu kikishatoka bila mtu kuandika kilikuwa kichwani au miguuni mwa maiti, maiti ya nani, pamoja na nini, zile hoja zote za Sitio Conte haziwezekani tena. Si masikini tu waliofanya hivyo. Minor Keith, Mmarekani aliyejenga reli ya Kosta Rika na akawa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya ndizi ya United Fruit mwaka 1899, alikusanya maelfu kwa maelfu ya vitu vya kale, na vingi vikaishia makumbusho ya Marekani. Makumbusho ya Brooklyn yalirudisha shehena moja mwaka 2011, na kama miaka kumi baadaye ikarudi nyingine ya vitu zaidi ya 1,300. Vyungu vimerudi nyumbani, ila taarifa za makaburi yake haziwezi kurudi kwa meli.

Kosta Rika ina sheria namba 6703 ya mwaka 1981 inayosema vitu hivi ni mali ya taifa na biashara yake ni marufuku, kwa hiyo ukiona mtu mtandaoni anakuuzia "chungu halisi cha Nicoya" ama anauza cha magendo ama anauza feki, na feki ni nyingi mno. Ukitaka cha kwako kihalali, vijiji vya Guaitil na San Vicente kulekule Nicoya bado vinafinyanga kwa mkono na rangi za udongo, jagwa wapo, mamba wapo, na mfinyanzi mwenyewe yupo hapo unaweza kumuuliza huyu anamaanisha nini. Wengine watakujibu kwa stori ndefu ya mababu wa Kichorotega. Wengine watakuambia jagwa ndiye anayenunuliwa sana na watalii.